Mbegu za Mzee

Jumatatu, 10 Machi

Nimefunga duka mapema tena. Wenye pikipiki watangoja spea zao. Kutoka Nyamasaria mpaka Kisian, nyumbani kwa wazazi, kumwaga mfuko wa mkojo wa baba. Sijazoea. Yeye anaangalia ukuta, mimi naangalia dirisha.

Saratani ya tezi dume. Daktari anasema haijaenea, upasuaji ni Jumatatu ijayo, tuna bahati. Bahati gani? Alisema pia uanaume huenda ukaisha. Mzee alimshukuru kwa heshima.

Jumatano, 12 Machi

Amekataa! Haendi hospitali kabla ya kupanda mahindi. Mahindi, jameni. Mvua imenyesha, majirani wameshapanda, yeye amekaa tu kitini na mpira wake wa mkojo. Nikasema basi nitapanda mimi. Akanitazama kama nimemtukana.

Mila naijua. Mwenye boma huanza, wana hufuata. Sasa si aanze? Jembe liko hapo. Simwelewi kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Mama aliniita jikoni. Aliongea akichambua mboga, hakuniangalia.

"Wewe ni mtu mzima, una bibi. Mbegu hazitoki hivi hivi. Usiku wa kuamkia kupanda, mzee lazima alale na mkewe mwenye nyumba."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kumbe ndiyo hiyo. Na ule mpira, ataweza vipi? Na akishapasuliwa? Anangoja kitu kisichowezekana. Nina hasira na mila, nina hasira na yeye, na namwonea huruma. Daktari nimwambie nini? Baba yangu atakufa kwa aibu na mimi sijui hata pa kuanzia.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikuomba, niligombana na Mungu. Baadaye nikamwambia Mzee wazi: gari la kesho nimeshaliagiza. Akasema hawezi kuacha boma lake bila mbegu, watu watasema amekwisha. Mama alisikia yote.

Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Leo nalala huku.

Jumatatu, 17 Machi

Kulipokucha Mama alitoka kwake na leso kiunoni, jembe begani, bakuli la mbegu mkononi. Jirani alikuwa kwa ua. Mama akamsalimia kwa sauti ya kusikika barabarani: "Tumeamka vizuri, mimi na mzee! Leo tunapanda!"

Mzee akasimama mlangoni. Nilidhani atamrudisha. Mfuko ulikuwa unaning'inia chini ya shati, kila mtu aliuona. Mama akachimba shimo la kwanza, akamngoja. Mzee akaja polepole, akatia mbegu, akafukia kwa mguu.

Jirani akasema heri. Hakuna aliyeuliza kitu. Mimi pia sikuuliza.

"Wuoda," Mzee akaniambia, "mwanangu, panda zako haraka. Gari litatuacha."

Naandika nikiwa kwa benchi ya hospitali. Ameingizwa ndani. Mama amesinzia begani kwangu, udongo bado uko kwenye kucha zake.