Mkanda Mweusi na Bastola ya Baba

Jumamosi, 1 Machi
Nimemwalika Wade Tolliver, mwanajeshi mstaafu, aje wiki ijayo ukumbini kwangu, ubavuni mwa nyumba, kuwafundisha wanafunzi wangu wa karate usalama wa bunduki. Curtis, mwenye mkanda mweusi, kanuna.
"Mwalimu, miaka yote hii tunapokonyana bastola za plastiki. Huyo mzee atatuambia nini kipya?"
Hapa Montana kila mtu anajiona fundi wa bunduki. Mimi nikiwemo.

Jumamosi, 8 Machi
Loo, aibu! Lakini nimecheka mpaka mbavu zinauma.
Wade kaja na bastola ya mazoezi, inatema rangi ya buluu. Kwanza kakagua mifuko yetu yote, isije risasi ya kweli ikaingia ukumbini. Katuvisha miwani. Kisha kanuni: kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usimwelekee mtu. Kidole mbali na triga.
Kisha kajifanya mwizi, kamnyooshea Curtis ile ya rangi. Curtis kaipokonya kwa mbwembwe — chap!
Paa! Buluu gotini kwangu. Na mimi nimekaa zangu benchi!
"Hongera, umeshinda," Wade kasema. "Sasa mwalimu tunamzika lini?"
Mara ya pili Curtis kajipiga buluu kwenye kiganja chake mwenyewe. Wade kamshika bega: "Mwizi akitaka pochi, mpe pochi, kijana. Mikono ni ya siku huna njia nyingine."
Mwishoni kauliza kila mtu: bastola ya nyumbani kwako iko wapi sasa hivi, na nani anaweza kuifikia? Nikajibu haraka, mimi sina.
Nimefika jikoni ndipo nikashtuka. Baba! Amehamia kwangu tangu Novemba, ana miaka themanini na moja, juzi kasahau birika motoni hadi likaungua. Na rivolva, ile bastola yake ya zamani? Sijawahi hata kuuliza. Mwalimu mzima!
Amelala. Kesho.

Jumapili, 9 Machi
Nimemuuliza tukila mayai.
"Ipo mahali salama."
"Ina risasi, Baba?"
"Bastola tupu ni nyundo tu, binti yangu."
Tumekwenda chumbani kwake. Kafungua sanduku la viatu — kitambaa cha mafuta, ala ya ngozi. Basi.
Kakuna kichwa. "Ah, niliihamisha. Wanafunzi wako wanaingia humu ndani kunywa maji. Nikaona si vizuri."
"Ukaipeleka wapi?"
Kafunika sanduku. "Nitakumbuka, Norma. Usinikimbize."
Sikumkimbiza. Nimefunga ukumbi, nimewapigia simu wote: mazoezi ya leo hakuna. Curtis kataka kuja kusaidia kutafuta, nimemkatalia. Wade yuko njiani.
Nimepekua jikoni kote, hata pipa la unga. Nimemwomba Baba atulie kitini — wapi! Anafungua makabati ya ukumbini moja moja, anapiga mluzi kama yuko likizo. Nimemwambia akiiona asiiguse, aniite.
"Haya, haya."
Naandika nikimsubiri Wade. Ameficha vizuri kweli, mzee wangu, hata mwenyewe ha—
Mluzi umekoma. Hajaniita.