Kikombe cha kwanza cha kahawa

"Meza, mzee," dokta akasema, na wote tukageukia skrini.

Marahaba, mjukuu wangu Mwanaidi. Huku Kariakoo bibi yako mzima. Uliuliza kwenye simu kwa nini babu yako siku hizi hali chakula. Mimi mdogo wake nilimsindikiza hospitali kwenye utafiti wa ugonjwa wake, nikaona kwa macho.

Alimeza dawa nyeupe, nzito kama uji. Kwenye skrini tukaiona ikishuka mpaka kifuani, ikasimama hapohapo.

"Mrija wake wa chakula hausukumi tena," dokta akasema. "Kuurudisha hatuwezi. Tunachunguza ili tuwasaidie watakaokuja."

Kaka akacheka kidogo. "Kumbe mimi birika lililoziba."

Mimi sikuweza kucheka.

Kahawa bado anauza, ila hanywi. Wateja wanamtania, "Mzee, umetia nini humo hata mwenyewe unaiogopa?" Halafu wanaenda kwa mwingine. Yeye anafuta vikombe tu. Zamani nilidhani kumeza si kitu. Sijui kama Idi itamkuta.

Naishia hapa, mama. Babu yako kashapanga vikombe, ananiita nikanywe cha kwanza mbele ya watu, waone ni kahawa tu.