Yule Mke wa Njombe

DeSoto, Texas

Dada Anjelina,

Shikamoo dada yangu. Mgongo je, umekupa nafasi? Na shemeji ameacha chumvi kama alivyoambiwa, au bado anaificha nyuma ya redio? Sisi huku wazima. Neema amenipita urefu, na Baraka ameota meno ya mbele, sasa anachekea kila mtu hovyo.

Nimeandika kwa mkono, na barua ataileta binti wa jirani anayekuja likizo, kwa sababu simu yako siiamini. Nikikutumia ujumbe wa sauti, kabla wewe hujausikia shemeji ameshausikia, na jioni mpaka muuza nyanya anao. Hii isome peke yako.

Mimi na Baba Neema tunaachana. Usilie kwanza, maliza kusoma. Yeye kazi yake ya ghalani kule Mesquite ni usiku, mimi na wazee wangu ninaowahudumia ni mchana, tumekuwa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Hakuna aliyempiga mwenzake. Tumechokana tu, dada, na inauma kuliko kama ningepigwa.

Sasa huku kuna talaka ya kukaa mezani. Kila mmoja ana wakili wake, halafu yupo mama mmoja wa hesabu ambaye hana upande. Mnaweka saini kwamba hamtapelekana mahakamani, mnamwaga kila kitu mezani, mshahara, madeni, akiba, mnagawana kwa maneno. Lakini ukigundulika umeficha, au mmoja akisusa, mawakili wote wawili wanajitoa na mnaanza upya mbele ya jaji. Hapo watoto nao wanaweza kuulizwa wanamtaka nani. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima usingizi: Neema aulizwe anamtaka nani.

Basi tukawa tunakutana Mansfield, kwenye ofisi ya wakili wa Baba Neema. Dada, yule mwanaume alinitisha kwa upole! Mtu aliyebishana nami miaka yote juu ya kiyoyozi, leo kila nikisema jambo, "Sawa, Mama Neema." Nyumba nibaki nayo? "Sawa." Watoto wakae kwangu siku za shule? "Sawa." Ananisogezea kiti, ananiletea maji. Yale maji sikuyanywa. Nikasema hapa pana namna, mtu hawi malaika hivihivi. Hata wakili wangu nilimwona anacheka na wakili wake kwenye maegesho ya magari, nikaanza kumwangalia na yeye kwa jicho la pembeni.

Ndipo siku moja Neema akanijia jikoni, nasonga ugali. Unajua Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akaniuliza, "Mom, who is mke wangu?"

Nikamwambia mke wangu ni mimi, ndivyo baba yako angeniita kama tungekuwa tunaongea. Akasema hapana, tangu baba ahame, akija kuwachukua hukaa kwanza ndani ya gari, anapiga simu kwa sauti kubwa, "Mke wangu umekula? Nimekutumia, usimpe mtu, ununue na khanga." Mwiko ulinitoka mkononi.

Kumbe! Ndiyo maana kila kitu sawa! Ana mwanamke nyumbani, anataka nisaini haraka akamlete. Na kwenye matumizi aliyoyataja mezani mwanamke huyo hayumo. Nilijua ni wa Njombe, kwao. Nikapanga kikao kijacho nimwumbue, nisuse, liwalo na liwe.

Tulipokaa, hata salamu sikutoa. Nikasema kwa Kiingereza ili wote wasikie: huyu bwana ana mke mwingine, anamtumia hela na amemficha. Yule mama wa hesabu akaweka kalamu chini. Wakili wake akageuka kumtazama, nikaona uso umembadilika, nikajua sasa tumefika mwisho, mambo ni ya jaji.

Baba Neema akanitazama. Hakukasirika. Akatoa simu, akapiga, akaweka spika. Huku asubuhi, kwenu giza linaingia.

"Mume wangu!" Sauti ya kikongwe, inakwaruza. "Leo umenikumbuka mapema. Yule mke mdogo kakufukuza?"

Dada, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi yake! Bibi Tunu, yule aliyenifunga khanga siku ya harusi yetu akaniita mke mwenzake, ukumbi mzima ukacheka, na wewe ulikuwepo. Bibi na mjukuu wake wa kiume, mke na mume, nani asiyejua utani huo? Sisi bibi zetu hatukuwakuta, lakini hata hivyo! Hasikii vizuri siku hizi, ndiyo maana Baba Neema hupiga kelele akiwa ndani ya gari.

"Mwenzio yupo hapa, bibi," Baba Neema akasema.

"Yupo? Nipe mke mwenzangu!"

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Mbona sauti imekauka, anakunyima chakula huyu?"

"Hapana bibi. Ananilisha."

"Haya. Mimi nimezeeka, simwezi tena. Nimekuachia wewe, umtunze."

Nikasema sawa bibi. Ningesemaje? Hajaambiwa. Simu ikakatika, yule mama wa hesabu akauliza amesema nini, Baba Neema akajibu, "Anasalimia," huku anatazama dirishani.

Kisha akaniambia polepole kwa Kiswahili, "Sikumtaja kwa sababu kumlisha bibi sikudhani ni matumizi." Nilimchunguza usoni kama anatunga. Hakuwa anatunga.

Wakili wangu, kwa kunitetea, akasema hilo ni rahisi: bibi ni wa mume, basi aendelee kumtunza kwa fungu lake, mimi halinihusu. Nikamwambia hapana, matunzo ya bibi yaandikwe, nusu atoe Baba Neema, nusu nitoe mimi. Akanisogelea sikioni, akaniuliza kama nimeelewa Kiingereza chake.

Nikamwambia nimeelewa vizuri. Ninayeachana naye ni mume. Mke mwenzangu sijamwacha.

Tukaweka saini, dada, wote wawili. Neema hataulizwa na jaji. Nilipofika kwenye gari nililia mpaka nikachoka.

Nisalimie shemeji, na shangazi, na mama mkubwa, ila yeye usimwambie kwanza, nitamwambia mwenyewe. Wanao wabusu kwa niaba yangu. Na Njombe yasifike, nakuomba kwa jina la mama. Jumapili bibi alipiga akiuliza mume wetu yuko wapi. Nimemwambia yuko kazini.

Mdogo wako,
Tumaini