Landrova ya Wizara Kwenda Kaole

Jumanne, 4 Agosti 1970

Madaftari ya darasa la tano nimemaliza kusahihisha. Protasi kaja tena na ramani yake. Kaitandaza mezani kwa shangazi, sahani zetu kazisukuma pembeni kama mwenye nyumba. Magofu ya Kaole, mji wa zamani wa Bagamoyo, kisha viboko wa mto Ruvu. Neno "vivutio" analitamka kama anayelamba sukari. Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka Bunju, njiani kwenda huko. Harusi yetu naye ni Oktoba. Siku nyingine nasahau kabisa.

Ijumaa, 7 Agosti

Mpango umebadilika tena. Sasa wanakuja pia rafiki zake wawili wa ofisini. Mie nimepangiwa pilau na kiti cha nyuma. Sikuulizwa. Nilitaka kukaa Kaole asubuhi nzima, niyaone vizuri yale makaburi yenye nguzo, niwaeleze wanafunzi. Kasema mawe ni mawe, kubwa ni picha. Kanunua miwani ya jua. Anaivaa ndani ya nyumba.

Jumatano, 12 Agosti

Tutakwenda na Landrova ya wizara. Kazini kaaga kwamba anakagua maendeleo vijijini. Ni huyuhuyu aliyehutubia tawi letu la chama Kinondoni juu ya unyonyaji. Watu walipiga makofi, nami nilipiga. Namdharau. Basi, nimeliandika. Shangazi anasema mwanamume mwenye cheo huvumiliwa.

Jumapili, 16 Agosti

Kaole tulikaa muda wa kupiga picha tu. Protasi aliegemea kaburi la watu, mguu juu, akacheka na lenzi. Mie nikaenda peke yangu mpaka msikitini, kwenye kuta zilizobaki.

Njiani kuelekea Ruvu tukapita kijiji cha ujamaa. Walikuwa shambani. Kuona gari la serikali, wakaacha majembe wakakimbilia barabarani. Mwenyekiti wao, mzee mwembamba, shati limelowa jasho, akasema, "Karibuni waheshimiwa. Tumewasubiri tangu masika. Kisima chetu kimeoza."

Ilikuwa Protasi aseme tu kwamba tunapita. Hakusema. Akashuka, akavua miwani, akapokea mikono yao. Akahutubia. Pampu ya maji italetwa kabla ya mvua, ahadi ya wizara. Wanawake wakapiga vigelegele. Rafiki zake wakaangalia viatu vyao. Wakaleta madafu. Mama mmoja akaleta jogoo, akamfunga miguu, akamweka kwenye buti ya gari.

Nikasimama.

"Shikamoo mzee," nikamwambia mwenyekiti. "Msingoje pampu. Hatukutumwa na mtu. Tunatembea tu, tunakwenda kutazama viboko."

Protasi akacheka. "Mchumba wangu huyu. Jua limempata."

Mzee akanigeukia. Akaniuliza mie, "Viboko, mwanangu?"

"Ndiyo, mzee."

Yule mama akaenda kwenye buti, akamtoa jogoo wake, akamfungua kamba taratibu. Hakutukana. Afadhali angetukana. Wakarudi shambani wote, madafu wakatuachia.

Viboko hatukuwaona. Tukarudi mpaka Bunju. Pale Protasi akasimamisha gari, akasema mke wa kumwaibisha mbele ya washamba hamtaki. Nikamwambia amekwisha kumpata mtu wa kumwaibisha, yeye mwenyewe. Nikashuka na sufuria yangu ya pilau. Basi lilichelewa. Pilau niliwagawia abiria wenzangu pale kituoni. Ilikuwa nzuri.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimefundisha. Sauti imekauka. Chumbani mwa walimu wameshajua. Najiuliza kama ninaumia. Naumia kwa ajili ya wale watu na kisima chao. Kwa ajili yake, hapana. Nimemwandikia mkuu wa wilaya habari za kisima. Sitarajii kitu.

Alhamisi, 20 Agosti

Mjomba wake Protasi amekuja kusema uchumba umekwisha. Shangazi akampa kiti, akamsikiliza, akamwambia, "Tumesikia, baba. Msalimie dada yako." Nilidhani atanigeukia mie baada ya mgeni kutoka. Akakaa, akanyoosha miguu kwenye mkeka.

"Huko Kaole kwenyewe," akaniuliza, "uliona nini?"

Nikamweleza nguzo za makaburi, na msikiti usio na paa, na mikoko inayoanza karibu tu hapo nyuma. Aliuliza mengi. Chai ikapoa, tukainywa hivyohivyo.