Siri ya Nne Kwenye Gari la Mwalimu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Anajulikana kwa jina la Cheche
Umri: Miaka 51
Kazi: Fundi wa kuchomelea vyuma
Elimu: Darasa la saba
Makazi: Chumba cha uani, nyuma ya karakana
Tarehe: 11 Juni, saa 2:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, hakuna aliyeniita. Koplo anayeandika amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba uongo nimeshausema, Jumatatu, kwenye kaunta hii hii, na ndio ulionirudisha. Nimeambiwa gari litavunjwa leo saa nne, kwa hiyo nitajitahidi nisizunguke.

Mtuhumiwa aliye mahabusu ni seremala. Sisi tunamwita Milimita. Amemwoa mdogo wangu wa kike, kwa hiyo ni shemeji yangu. Karakana yetu ni moja, imegawanywa na ukuta wa mabati, upande wake mbao, upande wangu chuma. Tuko hivyo mwaka wa kumi na nne sasa. Jina la Milimita alilipata kwa sababu ukimwambia ubao umepungua kidogo, anakuuliza, "Kidogo ngapi?"

Mnamo tarehe 20 Mei, kama saa tatu asubuhi, alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, na pikapu yake nyeupe. Alifundisha jiografia miaka thelathini na miwili. Alisema, "Nimewachorea watoto mito na milima ubaoni mpaka chaki zikaniharibu kifua, mwenyewe sijaiona. Nataka nikaione, na nilale humo humo garini." Alitaka kitanda nyuma ya gari, na chini ya kitanda droo za jiko, vyombo na nguo.

Alianzia kwangu. Gari ni chuma, akadhani kazi ni ya chuma. Nikamchorea chini kwa chaki fremu ya bomba za mraba, miguu sita, mabati juu. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akautazama mchoro, akasema, "Shemeji, kwa uzito huo gari litalala kabla ya mwenyewe." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka mpaka akashika goti. Mimi pia nilicheka, lakini kicheko changu kiliishia kwenye meno. Kazi ikavuka ukuta wa mabati.

Naomba nieleze kazi yenyewe, kwa sababu usipoielewa kazi, afande, hutalielewa kosa langu.

Siku ya kwanza hakukata hata ubao mmoja. Alimwambia mwalimu apande nyuma ya gari alale. Akampima amelala chali, akampima amelala ubavu. Akamwuliza akiamka anatanguliza mguu gani kushuka. Mwalimu akasema, "Wa kushoto, huu wa kulia goti lake bovu." Akaandika. Mimi nimechomelea vitanda miaka thelathini, sijawahi kumwuliza mtu anashuka na mguu gani.

Akatengeneza droo mbili ndefu za plaiwudi, kila moja sentimita 180, ukiivuta inatoka nyuma ya gari kama ulimi. Reli za chuma za dukani alizikataa. Alisema vumbi la safari litazikaba koo ndani ya wiki. Akaweka reli za mbao ngumu, akazipiga randa, akazisugua kwa mshumaa. Siku moja alipotoka kwenda kununua gundi nilitia mawe ndani ya droo ya kulia, kama kilo hamsini, nione itakwama wapi. Niliivuta kwa vidole viwili. Ikaja kama imeitwa jina. Nikayatoa mawe haraka nikarudi kwangu.

Juu ya droo kuna mbao tatu za kulalia, kila moja inafunguka kwa bawaba, na godoro la sponji limekatwa vipande vitatu vivyo hivyo, ili mwalimu akitaka kitu asibebe godoro zima. Pembeni, pale ambapo matairi yanapandisha uvimbe ndani ya bodi, pale ambapo mimi ningepaacha patupu, ameweka visanduku viwili vya tochi, miwani na dawa. Kila pembe iliyo karibu na goti ameizungusha kwa msasa mpaka imekuwa laini kama kiwiko cha mtoto mchanga. Nilikuwa napita pale mara tano kwa siku nikijifanya natafuta nyundo. Nyundo ninazo tatu.

Sasa nafika kwenye neno. Karakanani kwetu tuna neno "siri". Siri ni kitu chochote kinachoshika au kinachofunguka bila msumari, skrubu wala mkono wa kuvutia kuonekana. Mteja akiuliza mbona kabati halina mkono, tunamjibu, "Lina siri." Kwetu sisi neno hilo ni unadhifu, kuficha vitu hakumo. Kwenye gari la mwalimu Milimita ameweka siri nne. Tatu ni vifuniko, unavisukuma kidogo kwa kiganja, vinaruka vyenyewe. Hakuweka mikono kwa sababu ya lile goti. Ya nne ni kiungo cha kona ya mbele kushoto, chini kabisa, ambako mbao mbili zimeingiliana kama vidole vya mtu anayesali. Hakuna msumari, ni gundi tu. Hiyo haifunguki, na haikutengenezwa ifunguke. Ndani yake hapaingii hata punje ya mchele.

Mimi nilitengeneza vishikizo vinne vya chuma vinavyolibana boksi kwenye bodi ya gari. Aliniomba mwenyewe. Nilivichomelea nimenuna.

Jumamosi tarehe 6 Juni, saa nane mchana, mwalimu alikuja kuangalia. Alivuta droo, akarudisha, akavuta tena. Akapanda, akalala, akanyamaza mpaka tukadhani kasinzia. Aliposhuka alimwambia shemeji, "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa mia, halafu ningekuita mbele ya darasa." Kisha akanigeukia. "Na wewe ahsante kwa vile vyuma." Hiyo "na wewe" ilinikaa kooni siku mbili.

Jumatatu tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, nilikuja hapa kaunta. Nilisema kuna gari linaondoka wiki hii na limewekewa siri chini ya kitanda. Askari aliniuliza, "Siri za nini?" Nikasema, "Mimi nitajuaje, afande? Ninyi ndio wa kujua." Nilikuwa na habari kwamba duka la simu lilivunjwa wiki iliyopita na mali inatafutwa. Simu sikuzitaja. Wizi sikuutaja. Nilichukua neno la kweli nikalituma kazi ya uongo. Nilijiambia watamsumbua kidogo, safari itachelewa siku mbili, mwalimu ataona dosari, basi.

Jumanne tarehe 9 Juni, saa tano asubuhi, askari wawili walifika karakanani. Nilikuwa nimesimama kwenye mwanya wa ukuta wa mabati, miwani ya kuchomelea iko kichwani. Afande mwenye daftari alimwuliza shemeji, "Gari hili lina siri?"

Shemeji uso ulimng'aa. Alidhani sifa zake zimefika hadi polisi. Akajibu, "Zipo nne, afande."

"Zifungue."

Akafungua tatu, moja baada ya nyingine, kwa kiganja, huku anaeleza kila moja kama mtu anayetambulisha wanawe. Ndani mlikuwa na meza ya kukunja, ramani na blanketi.

"Na ya nne?"

"Ya nne haifunguki."

"Kwa nini haifunguki?"

"Nimeigundisha, afande."

"Umegundisha nini humo ndani?"

"Haina ndani. Ni siri tu."

Afande akamwambia mwenzake, "Huyu anatutania." Shemeji akaanza kucheka, kisha akaona kwamba anayecheka ni yeye peke yake. Akanitazama. Afande akafuata macho yake, akaniuliza, "Wewe jirani, hiyo siri ya nne ni kitu gani?"

Hapo sentensi moja ingetosha. Ningesema ni kiungo, mambo yangeisha, pengine wote tungecheka. Nilisema, "Mimi ni fundi chuma, afande. Mbao sizijui." Nikashusha miwani machoni, nikawasha mashine. Mbele yangu hapakuwa na chuma chochote cha kuchomelea.

Wakamchukua, na gari wakalichukua.

Jana Jumatano, saa kumi alasiri, mdogo wangu alinipa shati safi na chakula nimpelekee mumewe. Alisema, "Kaka, nenda wewe, mimi nikimwona mle ndani nitaanguka." Hapa nje benchini nilimkuta mwalimu. Aliniambia amewaruhusu polisi wavunje gari, wakate popote wanapotaka, mradi fundi atoke. Alisema, "Milima haiendi popote, baba. Itanisubiri." Sikuweza kumtazama usoni.

Koplo alinipa dakika tano. Shemeji alisogea kwenye nondo akapokea shati. Aliniambia, "Ulifanya vizuri kujitoa, shemeji. Wangetuchukua wote wawili, dada yako angebaki na nani?"

Alianza kuvaa shati huku anaendelea.

"Wameniuliza nani kachomelea vile vyuma. Nimesema ni mimi."

Nikamwuliza kwa nini kasema hivyo.

"Sasa ningesema nani? Ila wakiangalia vizuri watajua nadanganya. Mimi nisingeacha donge lile la chuma kwenye kishikizo cha kushoto." Akacheka. Kisha akashika nondo akasema polepole, "Wanavunja kesho kwa mtaimbo. Ukiweza kuongea nao, waambie wasianzie ile kona. Plaiwudi itachanika yote, haitarudi."

Mtu yuko mahabusu kwa ajili ya kona, na anaiombea kona. Ananiombea na mimi, hajui kwamba mimi ndiye niliyemleta. Nilitoka nje na chombo cha chakula mkononi. Nilikuwa nimesahau kumpa, ikabidi nirudi.

Kwa hiyo nasema. Hakuna mali yoyote ya wizi ndani ya gari lile. Mtaimbo hauhitajiki. Twendeni hapa uani mwa kituo na askari yeyote, agonge ile kona kwa kifundo cha kidole, kisha agonge pembeni penye droo. Penye uwazi ubao unalia, penye kiungo unakaa kimya. Kama bado mna shaka, pitisheni sindano. Mkipata pa kuiingiza, nifungeni mimi.

Vishikizo vinne vya chuma nimevitengeneza mimi, pamoja na donge la kushoto.

Koplo ameniuliza sababu ya kutoa taarifa ile. Nilimwonea wivu. Koplo alitaka kuandika "kutoelewana kikazi", nimemwomba aandike wivu. Hatukuwahi kukosana kikazi hata siku moja. Nilikuwa namwelewa kuliko mtu mwingine yeyote, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Kitanda kile ni kazi safi kuliko zote zilizowahi kutoka pale kwetu, na mimi ndiye mtu wa kwanza kulijua hilo, tangu siku ile ya mawe. Wengine wanakiona kizuri. Mimi najua kwa nini ni kizuri, na nilikaa kimya.

Niliyo nayo ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu, nikasomewa nikayasikia, na hakuna neno la kupunguza. Natia sahihi hapa chini mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: Cheche

TAARIFA YA AFISA ALIYEANDIKA

Mimi koplo wa zamu nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa. Yamekamilika saa 3:25 asubuhi. Shahidi amefahamishwa kwamba kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa na kwamba jalada lake litafunguliwa. Amesema sawa.

Saa 3:40 tulikwenda uani kwenye gari, mimi, mkuu wa zamu, shahidi na mwalimu mwenye gari. Kona iligongwa, haina uwazi. Sindano ilijaribiwa sehemu tano, haikuingia. Mkuu wa zamu alifungua na kufunga vifuniko vitatu mara kadhaa zaidi ya ilivyohitajika kwa upelelezi. Mtaimbo umerudishwa stoo.

Saa 4:10 seremala aliachiwa bila masharti. Alisomewa maelezo haya mbele ya shahidi.  Aliomba asomewe mara ya pili sehemu ya mawe, nikamsomea. 

Mwalimu alijitolea kumpeleka seremala nyumbani kwa gari, seremala akakataa. Nilimweleza kwamba taratibu za shahidi zinaweza kuchukua mpaka jioni na kwamba yeye yuko huru kwenda. Amejibu kwamba mkewe ni dada wa shahidi, jambo hili lazima aambiwe leo, na yeye hataingia mlangoni kulisema peke yake. Amekaa benchini. Anamsubiri shemeji yake.