Kichujio kisichosikia "zote"

Jumanne, Amu

Bi Zuhura, fundi wa mtandao, amesema leo kosa si langu peke yangu. Ndani ya kiini cha mfumo wa kompyuta yangu, mipangilio mingine ukiizima kwenye "zote", yaani kwa kadi zote zinazoiunganisha na mtandao, huzimika kila mahali. Kichujio cha data, kinachotupa data inayoingia kwa njia isiyotarajiwa, hakifanyi hivyo: kadi ya mtandao iliyokiwasha huendelea nacho.

"Bwana, uliandika zote ukaenda kulala?" akanicheka. "Hiki kizime kadi kwa kadi."

Kwa wiki mbili kichujio hicho kimekuwa kikinikatia simu za video. Halima, mke wangu, yuko Mombasa na anaamini ninakata makusudi. Hapa nyumbani naishi peke yangu; zaidi yake sina wa kuongea naye.

Zuhura amekizima kwenye kadi zote mbili. Nimempigia Halima, hakupokea. Baadaye akaandika: Nipigie Ijumaa, baada ya Isha.