Chakula cha Nguvu

Kampala
Jumapili, 30 Novemba 1975

Kwa dada yangu Aminah, Kibera,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Dada, kabla sijasema langu lolote, nakuuliza hali. Mguu ule ulioteguka umepona, au bado unaukokota na kuwaambia watu kwamba ni uzee? Shemeji anaendeleaje na kifua? Na mama mdogo, bado anawakemea wajukuu kwa Kinubi wasichokielewa? Nisalimie wote mmoja mmoja, usiwajumlishe. Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, na siku hizi mtu wa Kampala akikwambia anapumua, usimwulize la pili.

Barua hii anakuletea Faruk, mtoto wa Kaltumi, aliyepata udereva wa lori. Sikuipeleka posta, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Ukishaisoma, itie jikoni.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Naandika nimekaa sakafuni, karatasi iko pajani, na kitandani pembeni yangu amelala mtoto asiye wangu. Anaitwa Nakku, ana miaka miwili na nusu, na sijui kama atapona. Habari yake ndiyo habari yote. Lakini acha nianze mwanzo, maana nimechoka, dada. Nimechoka na watu, na katika hao watu na mimi nimo.

Unamkumbuka Phelister, yule nesi Mwacholi niliyekuja naye Kibera kwenye arusi ya binti yako, aliyewashinda wote kwa kucheza. Sasa anakaa Kyambogo. Baada ya Idd alikuja nyumbani Makindye amekasirika. Aliniambia watoto wa vijijini wanaletwa wodini wamevimba miguu, nywele zimekuwa rangi ya ndevu za mahindi. Wanapewa maziwa, wanapona, wanarudi kwao, na baada ya miezi mitatu wanaletwa tena, au hawaletwi tena. Akasema ni kuchota maji kwa tenga. Dawa, akasema, ni kwenda huko huko, akina mama wapike pamoja, kila mmoja alete alicho nacho, na watoto wapimwe kila wiki ili mama aone kwa macho yake mtoto anapanda au anashuka. Chakula chenyewe wanakiita kitobero: matoke, maharage, karanga za kutwanga, mukene, yaani vile visamaki vidogo vya ziwani, na majani ya dodo, yaani mchicha, vyote vinafungwa pamoja kwenye jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke. Hakuna cha kununua dukani. Na hilo lilinifurahisha, maana dukani kwetu hakuna kitu. Huyu mafuta mingi wetu, ndivyo tunavyowaita matajiri hawa wapya, aliyegawiwa duka la Mhindi, amepanga dirishani makopo ya maziwa, na ukimwomba moja anakwambia ni matupu, ni ya maonyesho.

Basi nikakubali kwenda naye. Kamis, mume wangu, naye akatutafutia Land Rover ya jeshi itupeleke, maana yeye ni sajini wa stoo na neno lake linasikika. Nikajiona mke wa maana.

Kijiji kinaitwa Kyamugongo, maili kumi na nne kwa njia ya Masaka. Alhamisi ya kwanza alikuja pia bwana mmoja wa ofisi, amebeba kipaza sauti, akahutubu saa nzima juu ya maendeleo huku watoto wanaungua jua. Alipochoka nikasimama mimi. Luganda yangu unaijua, ni ya sokoni. Naweza kununua nyanya nayo, siwezi kuhutubia. Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika, kwamba tumekuja kwa ajili ya chakula cha nguvu, kwamba kila nyumba itoe kidogo ilicho nacho, na kila mtoto aletwe aandikwe jina. Wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.

Alhamisi ya pili, dada, hakuna mtu. Hakuna kuku, hakuna mtoto, milango imefungwa. Tulitundika mizani yetu ya kupimia kahawa kwenye boriti ya kanisa lao, tukakaa chini yake kama wauza nyama waliokosa wateja. Mwishowe akaja bibi mmoja, Jaja Nalwoga, mwembamba, mwenye macho ya kukupima. Akamweleza Phelister kwamba chakula kimekwisha, watoto wamekwenda kwa wajomba, na kuku wote wamekufa kwa kideri. Papo hapo jogoo akawika migombani, na sauti ya mwanamke ikasikika ikimwambia jogoo anyamaze. Phelister alitazama juu mawinguni. Mimi nilitaka kulia kwa hasira.

Njiani Phelister akanieleza. Watu wa pale Kiswahili wanachokijua ni kile kinacholetwa na askari: simama, fungua, lala chini, chakula, nguvu. Na mimi nimesimama mbele ya Land Rover ya jeshi nikapaza sauti, chakula, nguvu, kila nyumba itoe, watoto waandikwe. Kumbe nilikuwa nimetangaza unyang'anyi! Nilikasirika, wallahi. Lugha tuliyosomea, dada, lugha ninayokuandikia wewe siri zangu, mtu akiisikia anaficha mtoto. Tangu siku ile hata vitoto vya kutambaa vinaniita Mama Nguvu.

Gari tukaliacha. Tukawa tunapanda basi, kisha tunatembea maili tatu na haya magoti yangu. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, na sahani zao za matoke matupu. Kila siku matoke matupu. Ukiuliza karanga, hakuna. Baadaye mmoja akamnong'oneza Phelister kwamba karanga zipo zimefukiwa chini ya vitanda, ila harufu yake ikipikwa inafika mbali, na hujui nani anapita barabarani. Mtoto analala juu ya karanga na njaa tumboni. Niambie kama hilo halichoshi.

Lakini aliyenichosha zaidi ni Jaja Nalwoga, kwa sababu Nakku ni mjukuu wake. Mama yake ameshika mimba nyingine, na desturi yao huko ni kwamba joto la mimba linamdhuru anayenyonya. Ugonjwa huo wanauita obwosi. Basi mtoto anaachishwa ziwa siku moja na kupelekwa kwa bibi. Tulimkuta kwenye mkeka, miguu imejaa kama maandazi, hachezi, hatazami, nzi wanatua naye hawafukuzi. Phelister akasema asipofika wodini ana wiki mbili, pengine tatu. Jaja akakataa. Akasema hapitishi mtoto kwenye vizuizi vya barabarani, amewaona waliopita wasirudi. Basi nikamwambia hapa hapa nyumbani ampe yai moja kila siku. Akaniuliza, kwa upole kabisa, je, yai linajitaga lenyewe? Wanawake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Alhamisi mbili nzima tulibishana hivyo. Nilimwambia Phelister kwamba watu hawa watazika watoto kwa ukaidi. Astaghfirullah, nilisema hivyo kwa mdomo huu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nyumbani kwangu sijamwambia mtu.

Alhamisi ya tarehe ishirini tulimkuta Jaja kibarazani, ameshika kifaranga alichopewa na jirani, anamfunga mguuni utepe wa lubugo, ile nguo yao ya gome la mti, na kuupiga mafundo mawili. Nikamwuliza ni kinga ya nini. Akasema si kinga, ni alama yake, kila kuku wake huwa nayo ili majirani wasigombane. Dada, mafundo yale niliyajua.

Siku mbili kabla ya Idd, Kamis alileta nyumbani kuku kumi na mmoja wamefungwa miguu, nyuma ya Land Rover ile ile. Akasema kijiji fulani kimewapa askari zawadi ya sikukuu. Kamis si mtu mbaya, unamjua, alikaa na baba yetu hospitali usiku na mchana. Ila akiambiwa leta, analeta, na mimi sikuuliza zawadi gani hiyo. Kuku sita kati ya wale walikuwa na utepe wa lubugo mguuni, mafundo mawili. Niliufungua kwa vidole vyangu hivi. Na nilijua, dada. Hakuna anayemtia alama kuku wa kugawa. Nilijua, nikazitupa zile tepe motoni, tukasema bismillahi, nikapika. Nilipeleka sahani kwa majirani. Phelister alikula. Na wewe nilikuandikia kujisifu kwamba Idd yetu haikukosa kitu.

Sikuweza kunyamaza. Nikamwambia Jaja pale pale, kwa Luganda yangu ya nyanya, kwamba kuku wake nimewala mimi. Phelister alinivuta nguo mpaka gurbaba niliyojitanda ikataka kuvuka, maana siku hizi watu wanapotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini yalikuwa yameshatoka.

Jaja hakupiga kelele. Aliuliza kama kulikuwa na kuku mmoja wa madoadoa, mwenye kilemba kilicholala upande. Nikasema alikuwepo. Akauliza kama nilimkuta na mayai. Nikasema ndiyo, yalikuwa yamepangana tumboni kama shanga, nikayatia kwenye mchuzi. Akasema huyo alikuwa kuku wa Nakku. Wanawake wa umri wake hawali kuku wala yai, ni mwiko kwao tangu zamani, hajaonja hata siku moja. Wale sita aliwafuga kwa ajili ya mjukuu tu, tangu siku alipoletwa, na kila asubuhi alimpa yai. Yai nililokuwa nikimfundisha na kumwita mkaidi, yeye alikuwa akilitoa kabla sijajua kijiji kile kiko wapi. Na mimi niliyelikatiza nimekaa kibarazani kwake na mizani.

Nililia. Hakunibembeleza. Aliniambia niache kumlowanishia baraza, na kama nimekula chakula cha mtoto, basi nimbebe mtoto. Akamfunga Nakku mgongoni kwangu kwa nguo yake mwenyewe. Akasema twende naye wodini, mimi niwe ndiye mama, kwa sababu mwanamke mwenye Kiswahili kama changu askari hawatamlaza chini barabarani. Na ni kweli. Kwenye kizuizi walinipa shikamoo.

Leo ni siku ya kumi nalala chini ya kitanda hiki. Siku za kwanza mtoto aligeukia ukutani, hata maziwa tulimpa kwa kijiko tone kwa tone. Kisha akapimwa, uzito ukashuka, nikaangua kilio mbele ya wote mpaka Phelister akanifokea kwamba yale ni maji ya uvimbe yanatoka, na kwamba kwa mwanamke anayejiita mwalimu wa mizani sijui kitu. Asubuhi hii nimempa yai la kuponda. Lilipokwisha akanitupia kikombe usoni na kunguruma. Phelister amecheka, anasema mtoto mwenye hasira anataka kuishi. Lakini hataki bado kuniambia kwamba amepona.

Alhamisi iliyopita Phelister alikwenda Kyamugongo peke yake, amebeba kuku wangu wanne wanaotaga, nimempa Jaja. Anasema habari ilikuwa imezunguka kijiji kizima, na kwa mara ya kwanza watu wamefukua karanga zao. Watoto kumi na saba wamekula kitobero chungu kimoja. Mama mmoja tu alikataa, akasema atakuja siku Mama Nguvu atakaporudisha na mbuzi wake.

Kamis yuko safarini, anarudi Jumamosi. Atakuta banda tupu na kitanda kitupu. Nitamwambia kwa mdomo wangu, sitaki asikie kwa mwingine. Sijui atacheka, au atanipiga, au atanyamaza, na ninachokiogopa zaidi ni hicho cha mwisho. Nimekasirika naye, na bado nikisikia gari nachungulia kama ni yeye. Askari ambaye mke wake anasema mambo haya, hatari inaweza kumfika yeye kabla yangu, na hilo nalo linaninyima usingizi.

Kwa hiyo nakuomba mawili. Zungumza na shemeji, niambie kama nikilazimika kutoka hapa mna pa kuniweka kwa mwezi mmoja. Na umwulize sheikh, bila kutaja jina, kama kuku aliyeliwa kwa bismillahi huku mlaji anajua si wake, anarudishwa kwa kuku mwingine, au kuna zaidi ya hapo. Usinifichie jibu hata kama ni chungu.

Phelister anakusalimu, anasema bado anadai ile ngoma. Mpe mama mdogo mkono wangu. Tuombeeni, na Nakku mumtaje kwa jina katika dua zenu.

Faruk anaondoka Nairobi kurudi huku Alhamisi. Tafadhali, dada, nijibu upesi, barua inifikie kabla ya Jumamosi.

Mimi mdogo wako,
Zubaida